Hachi inagoma kwenye diteli ya msingi, na plani ikiprintiwa kuta zinatoka nyeusi tii

chipukizi_wa_ramani aliuliza:

Wakuu, heshima kwenu.

Nina ramani ya nyumba ya vyumba vitatu, imechorwa kwenye programu ya AutoCAD kwa milimita. Seti nzima inatoka kwenye karatasi ya A3: plani kwa skeli ya 1:100, sekisheni kwa 1:50, na diteli ya msingi kwa 1:20. Michoro yenyewe imekamilika, zimebaki hachi tu (mistari au rangi ya kujaza eneo), na ndizo zinazogoma. Matatizo ni matatu na nahisi kila moja lina chanzo chake.

La kwanza ni diteli ya msingi. Zege la chini lina upana wa 600 na kina cha 200. Nikitoa amri ya HATCH na kubofya ndani yake, programu inadai haijaona mpaka uliofungwa, kisha inaweka viduara vyekundu kwenye kona moja. Nikiitazama kona hiyo naona mistari imeshikana.

La pili ni kuta za plani. Nimeweka paterni ya hachi iitwayo ANSI31 kwa skeli ya 1. Kwenye skrini nikisogea karibu sana naiona mistari ya mshazari, lakini ikiprintiwa ukuta unatoka mweusi tii. Nikipandisha skeli hadi 500, vipande vifupi vya ukuta havipati hata mstari mmoja.

La tatu ni saiti plani. Faili limetoka kwa mpima ardhi, lina koodineti za UTM (mfumo wa ramani unaohesabu kwa mita) na limechorwa kwa mita. Nikijaza eneo la bustani, hachi inatoka imekatika-katika, mistari mingine haifiki kwenye mpaka na mingine inauvuka.

Naomba msaada wa hatua kwa hatua, na sababu pia, ili kesho nisirudi na swali lile lile.

---

KalamuNaRula alijibu:

Mkuu, nianze na msingi. Viduara vyekundu ni msaada mkubwa: programu inakuonesha ncha ambazo hazikutani. Sogea kwenye kiduara, kuza mpaka uone ncha zenyewe. Mara nyingi utakuta mstari mmoja umeishia kabla ya mwingine kwa sehemu ndogo ya milimita, kwa sababu wakati wa kuchora snapu ya ncha, ile inayonasa ncha ya mstari, ilikuwa imezimwa au iliudaka mstari wa jirani.

Ukitaka uhakika wa namba, fungua UNITS uongeze desimali hadi mwisho, kisha bofya mstari wa kwanza na usome koodineti za ncha zake kwenye dirisha la PROPERTIES, halafu wa pili. Utakuta mmoja unaishia X 600 kamili na mwingine unaanzia 599.987134. Kama UNITS imewekwa ioneshe namba nzima tu, yote mawili yatasomeka 600, ndiyo maana jicho linadanganyika. Mistari inayopishana na kuvukana haina shida kwa hachi. Shida ni ile isiyofikiana.

Namna ya kufunga, kwa mpangilio ninaoupendelea:

Kona moja au mbili, tumia FILLET. Andika F, Enter, kisha shikilia Shift huku ukibofya mistari miwili. Shift inalazimisha nusukipenyo kiwe 0, kwa hiyo mistari inakutana kwenye kona kamili hata kama FILLET yako ilikuwa na nusukipenyo kingine.

Kona nyingi, tumia PEDIT. Andika PEDIT, Enter, M, Enter, chagua mistari yote ya umbo hilo, Enter, kubali kuigeuza polilaini (mstari mmoja wenye vipande vilivyoungana), kisha J. Itakuuliza umbali wa kuvumilia: weka 1 kama unachora kwa milimita. Enter, na Enter tena kutoka. Bofya umbo na uangalie PROPERTIES kama sehemu ya kufungwa inasema ndiyo. Ikisema hapana, na pengo lililobaki ni dogo kweli, igeuze iwe ndiyo hapo hapo. Usifanye hivyo kama hujui pengo liko wapi, kwani programu itavuta mstari mnyoofu kutoka ncha ya mwisho hadi ya kwanza, hata kama zimepishana mita tatu.

Kabla ya hapo piga OVERKILL, amri ya kufuta mistari iliyorudiwa, kwenye diteli nzima. Mistari iliyolaliana, hasa ile iliyonakiliwa kutoka faili jingine, huifanya PEDIT iunganishe vipande visivyo sahihi.

Kipimo kizuri cha kujua kama mpaka umepona ni amri ya BOUNDARY, kifupi chake BO. Bofya ndani ya umbo. Ikitengeneza polilaini, HATCH nayo itakubali. Ikigoma, usihangaike na hachi, rudi kwenye mistari.

Utasikia watu wanakwambia weka HPGAPTOL (kiasi cha pengo ambacho hachi inavumilia), tatizo limekwisha. Ni kweli inafanya kazi. Kawaida yake ni 0, na ukiweka 2 programu itaruhusu mapengo yasiyozidi vipimo 2 vya mchoro. Lakini pengo linabaki palepale, na yeyote atakayepima urefu au eneo kutoka kwenye mistari hiyo atalikuta. Ni mbaya zaidi mtu anapoiweka 1000 ili "isisumbue": mlango wa 900 unahesabiwa kama pengo la kuzibwa, na hachi inafunga njia kana kwamba hakuna mlango. Mimi huiacha 0. Ukilazimika kuitumia, kwa mfano kwenye faili la mtu mwingine ambalo huruhusiwi kuligusa, weka namba ndogo inayotosha tu na uirudishe 0 ukimaliza.

Mambo mengine mawili yanayoleta ujumbe ule ule: sehemu ya mpaka iko nje ya skrini, au iko kwenye leya (tabaka la mchoro) iliyozimwa ama kugandishwa. Hachi ya kubofya ndani hutafuta mpaka kwenye vitu vinavyoonekana. Rudisha umbo lote ndani ya skrini kwanza. Na kama diteli imejaa vipimo, maandishi na nondo, chagua mistari ya zege peke yake, piga ISOLATEOBJECTS, jaza hachi, kisha UNISOLATEOBJECTS. Kutafuta mpaka kunakuwa kwepesi na viduara vya uongo vinapungua. Viduara vikibaki baada ya kurekebisha, REGEN inavifuta.

---

dada_sekisheni alijibu:

Kaka, suala la kuta nyeusi ni hesabu tu, na ukiijua hutabahatisha skeli tena.

Kila paterni ina nafasi yake ya asili kati ya mstari na mstari, na imeandikwa kwenye faili la paterni. ANSI31 kwenye faili la metriki, acadiso.pat, ni mistari ya nyuzi 45 yenye nafasi ya 3.175. Ukiweka skeli 1 kwenye mchoro wa milimita, mistari inapishana kwa milimita 3.175 za ukuta halisi. Kwa 1:100 hiyo ni takriban milimita 0.03 kwenye karatasi. Hakuna kalamu ya plota inayoweza kutenganisha hapo, wino unaungana, ukuta unakuwa mweusi.

Kwa hiyo anza na karatasi. Amua nafasi unayotaka ionekane ikishaprintiwa, izidishe kwa namba ya skeli, kisha gawa kwa nafasi ya asili.

Sekisheni yako ya 1:50, tuseme unataka milimita 2 kwenye karatasi: 2 × 50 = 100, gawa kwa 3.175, unapata 31.5. Diteli ya 1:20 kwa milimita 2 zile zile: 40 ÷ 3.175 = 12.6. Faili likiwa la mita, gawa jibu kwa 1000, kwa hiyo 31.5 inakuwa 0.0315. Wengi wanaoletewa faili la mita hukwama hapa: wanaweka 30, mistari inakaa mbali kwa mita 95, halafu wanadhani hachi imegoma.

Sasa plani ya 1:100. Ukuta wa tofali la inchi 6 una milimita 150, yaani 1.5 tu kwenye karatasi. Hata ukichagua nafasi ya milimita 1, utapata vijistari vifupi vinavyochafua macho na kupigana na mistari ya milango na vipimo. Kwa skeli hiyo ushauri wangu ni SOLID (hachi ya rangi tupu isiyo na mistari) ya kijivu, rangi namba 253 au 254, kwenye leya yake yenyewe. Kuta zinasomeka vizuri, na aliyeshika ramani saiti anaona mara moja kipi ni ukuta na kipi ni samani. ANSI31 iache kwenye sekisheni na diteli, huko ina nafasi ya kupumua.

Kabla hujagawa kwa 3.175, andika MEASUREMENT na usome jibu. Ikiwa 1, unatumia paterni za metriki. Ikiwa 0, faili lilianzishwa kwa templeti ya inchi, na ANSI31 inasomwa kutoka acad.pat ambako nafasi ya asili ni 0.125. Hapo skeli ya 31.5 itakupa nafasi ya milimita 3.9 badala ya 100, na utarudi kwenye weusi ule ule. Badilisha MEASUREMENT iwe 1. Hachi zilizokwishawekwa hazitajirekebisha zenyewe, inabidi uzichague na kuziwekea paterni upya.

Paterni zinazoanza na AR- zina kanuni tofauti. Zimechorwa kwa ukubwa halisi wa kitu, kwa hiyo kwenye mchoro wa milimita huanza na skeli 1. AR-B816, kwa mfano, ni tofali la inchi 8 kwa 16 lililo kamili kwa vipimo vyake, 203.2 kwa 406.4. Ukiiweka 31.5 kwa mazoea ya ANSI31 utapata tofali moja kubwa kuliko nyumba. AR-CONC ya zege ina vijistari vya jiwe vyenye urefu wa karibu milimita 19. Kwa 1:20 vinatoka chini kidogo ya milimita 1, vinasomeka. Ukitaka viwe wazi zaidi weka skeli 1.5. Kwa 1:50 vinashuka hadi 0.4 na vinaonekana kama vumbi, hapo weka 3.

Kuna jambo moja la kuzingatia ikiwa diteli hiyo hiyo inaoneshwa kwenye vyupoti (madirisha ya mchoro kwenye karatasi) mbili zenye skeli tofauti. Weka HPANNOTATIVE iwe 1 kabla ya kujaza, kisha toa skeli ya hachi kwa vipimo vya karatasi: 2 ÷ 3.175 = 0.63. Programu yenyewe itazidisha kwa skeli ya kila vyupoti, mradi umeiongezea hachi hiyo skeli zote mbili kwenye orodha yake. Usiitumie kwa paterni za AR-. Ukubwa wa tofali haubadiliki kwa sababu umebadilisha karatasi.

---

mpima_37S alijibu:

Nachangia la saiti plani.

Ndugu, angalia koodineti za kiwanja. Kama kiko Dar es Salaam, uko kanda ya 37 Kusini na namba zako zinakaribia Mashariki 531,000 na Kaskazini 9,248,000. Hachi huhesabiwa kuanzia chimbuko lake, ambalo bila kuambiwa vingine ni 0,0. Ukiweka mistari ya kila sentimita 10, paterni inapaswa kujirudia zaidi ya mara milioni 90 kabla ya kufika kwenye bustani yako. Kosa dogo la kukadiria desimali linakua njiani, na likifika kwenye kiwanja linaonekana kwa macho: mistari imekatika, imevuka mpaka, au eneo lote limegeuka rangi moja.

Dawa ni kusogeza chimbuko la hachi. Andika HPORIGIN, na kwa thamani mpya toa koodineti za kona mojawapo ya bustani, kisha jaza upya. Kwa hachi iliyokwishawekwa, ichague, na kwenye utepe wa hachi bofya kitufe cha kuweka chimbuko, halafu bofya kona ya mpaka. Itajipanga papo hapo.

Tafadhali usitatue hili kwa kuuburuta mchoro wa upimaji hadi 0,0. Koodineti za bikoni (alama za kona za kiwanja) ndizo thamani ya faili hilo. Ukizipoteza, anayekwenda kusimika kona za jengo hatakuwa na cha kuingiza kwenye mashine yake. Chora nyumba kwenye faili lake karibu na 0,0, na faili la mpima liingize kama XREF (faili la nje lililounganishwa tu) kwenye saiti plani. Wala usilizidishe faili la upimaji kwa 1000 ili lilingane na milimita zako: 9,248,000 inakuwa zaidi ya bilioni 9, na matatizo ya hachi yanazidi. Badala yake ingiza nyumba kwenye faili la mita kwa skeli ya 0.001.

Kuna mtego wa pili kwenye faili za upimaji, nao ni urefu wa Z. Mistari inayounganisha bikoni mara nyingi imebeba mwinuko wa ardhi: bikoni moja iko 24.310, nyingine 24.875. Ukitazama kutoka juu mistari inakutana, lakini mmoja uko juu ya mwenzake kwa nusu mita na zaidi. HATCH haitaona mpaka, BOUNDARY itagoma, na kukuza skrini hakutakuonesha pengo lolote. Bofya mstari, soma Z ya mwanzo na ya mwisho kwenye PROPERTIES.

Wengi hukimbilia FLATTEN, iliyo kwenye Express Tools. Inafanya kazi, lakini inalaza kila ulichochagua, na ukijumuisha kontua umefuta mwinuko wote wa ardhi. Ifanye kwenye nakala ya faili. Ninachopendekeza ni kutogusa mistari ya mpima kabisa. Weka OSNAPZ iwe 1, ELEVATION iwe 0, tengeneza leya mpya, na upitishe polilaini juu ya bikoni kwa snapu ya ncha. OSNAPZ ikiwa 1, snapu inachukua X na Y za bikoni lakini Z inabaki 0. Ikiwa 0, polilaini itachukua Z ya bikoni ya kwanza uliyobofya, na mpaka wako wote utaelea hewani mita 24. Funga kwa C. Jaza hachi kwenye polilaini hiyo. Ukimaliza rudisha OSNAPZ iwe 0 ikiwa kuna kazi nyingine inayohitaji mwinuko.

---

chipukizi_wa_ramani alijibu:

Asanteni sana wakuu. Nimefuata kwa mpangilio huo.

Kona ya zege ilikuwa na mwanya, FILLET na Shift zimeufunga na AR-CONC imekaa. MEASUREMENT ilisoma 1, na sekisheni kwa 31.5 imetoka safi kabisa. Kuta za plani nimeziweka SOLID rangi 253. Bustani nayo imetulia baada ya kuhamisha chimbuko.

Yamebaki mawili. Mwenye nyumba anataka kwenye elevesheni (mchoro wa sura ya nje ya nyumba) aone kozi, yaani safu, za tofali zetu, la inchi 6 lenye uso wa 450 kwa 225, na hakuna paterni ya namna hiyo kwenye orodha. Pia fundi ameomba idadi ya tofali. Je, hachi inaweza kunisaidia kupata eneo la ukuta bila madirisha?

---

KalamuNaRula alijibu:

Inaweza, na paterni yenyewe ni mistari mitatu ya maandishi. Fungua Notepad uandike hivi:

*TOFALI6, Tofali 450x225 na mota 15
0, 0,0, 0,240
90, 0,0, 240,232.5, 240,-240

Mstari wa kwanza ni jina, unaanza na nyota. Baada ya mkato ni maelezo tu.

Mstari wa pili ni mistari ya kulala. Namba ya kwanza ni pembe, 0. Mbili zinazofuata ni mahali pa kuanzia, 0,0. Mbili za mwisho ni namna mstari unaofuata unavyopatikana: usogee 0 kwa urefu wake, na upande 240 kwenda juu. Hiyo 240 ni tofali 225 pamoja na mota ya 15. Kama mafundi wako wanaweka mota ya 20, andika 245.

Mstari wa tatu ni viungo vya wima, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Pembe ni 90, kwa hiyo namba ya "kusogea kwa urefu wake" sasa inahesabiwa kwenda juu, siyo kulia. Kila mstari wa wima unaofuata unapanda 240, yaani kozi moja, na unakwenda pembeni 232.5, ambayo ni nusu ya 465, tofali 450 na mota yake. Kisha 240,-240 maana yake chora 240, ruka 240. Namba hasi ni nafasi tupu. Matokeo ni kiungo cha kozi ya juu kuangukia katikati ya tofali la chini, kama fundi anavyojenga.

Ukimaliza mstari wa tatu, bonyeza Enter mara moja kabla ya kuhifadhi. Bila mstari huo mtupu wa mwisho programu inaweza kuukataa mstari wa tatu au faili zima. Hifadhi kwa jina TOFALI6.pat, jina la faili lilingane na jina lililo baada ya nyota. Kwenye Notepad chagua aina ya faili "yote", vinginevyo litahifadhiwa TOFALI6.pat.txt na halitaonekana kamwe. Desimali ziwe za nukta. Ukiandika 232,5 programu itazisoma kama namba mbili na kozi zitavurugika.

Faili liweke kwenye folda yako, kisha OPTIONS, sehemu ya faili, ongeza folda hiyo kwenye njia za kutafuta faili saidizi. Litatokea kwenye kundi la paterni zako binafsi. Tumia skeli 1 kwa mchoro wa milimita, 0.001 kwa mita. Chimbuko liweke kwenye kona ya chini kushoto ya ukuta, pale kozi ya kwanza inapoanzia juu ya jamvi. Ukiacha 0,0, kozi ya kwanza itaanza na kipande cha tofali.

Idadi sasa. Jaza elevesheni huku madirisha na milango ikiwa polilaini zilizofungwa, HPISLANDDETECTION iwe 1, ubofye kwenye ukuta wenyewe. Programu itaviruka vyumba vya madirisha. Chagua hachi, soma eneo kwenye PROPERTIES. Kwa milimita litakuwa namba ndefu, gawa kwa 1,000,000 upate mita za mraba. Ukichagua hachi kadhaa kwa pamoja, utaona pia jumla yake.

Tofali moja na mota yake linakaa 0.465 × 0.240, yaani mita za mraba 0.1116. Gawa 1 kwa hiyo, unapata 8.96 kwa kila mita ya mraba. Ukuta wenye mita za mraba 27.6 unahitaji tofali 248, kabla hujaongeza za kuvunjika na za kukata. Toa pia linta na nguzo za zege kwa kuzichora kama maumbo yaliyofungwa, la sivyo unamnunulisha mteja tofali za mahali penye zege. Na ukuta upimwe mara moja tu kwenye kona: elevesheni ya mbele na ya pembeni zote zinaonesha unene ule ule wa 150.

Eneo lisipotokea kabisa, hachi hiyo ina mpaka unaojikata wenyewe. Irudie kwa vipande.

---

dada_sekisheni alijibu:

Nyongeza kabla hujaprinti, kaka.

Maandishi yaliyo ndani ya hachi yawekwe kwanza, hachi baadaye. Ukibofya ndani, programu inaliona neno kama kisiwa na kuacha nafasi kulizunguka. Ukiandika baada ya kujaza, mistari inapita juu ya herufi, na itabidi uihariri hachi kwa HATCHEDIT na kuliongeza neno kwenye mipaka yake.

SOLID ikifunika mistari ya kuta, piga HATCHTOBACK. Inarudisha nyuma hachi zote za mchoro kwa mara moja.

Fuatilia pia uzito wa faili. AR-CONC na AR-SAND kwenye eneo dogo la diteli hazina neno, lakini ukizimwaga kwenye jamvi lote la nyumba kila kusogeza skrini kutasubiri. Wachoraji wazoefu hujaza ukanda mwembamba pembeni na sehemu ya katikati wanaiacha wazi. Ukitaka ukanda huo usiwe na mstari wa mpaka unaoonekana, tumia -HATCH yenye kistari mbele, chagua W, ukatae kubakiza mpaka, kisha ubofye kona zake. Usiitatue hachi nzito kwa EXPLODE. Kila kijistari kitakuwa kitu kinachojitegemea, faili litavimba, na hutaweza tena kubadilisha skeli.

Ukifungua faili siku nyingine ukakuta hachi zote hazipo, angalia FILLMODE kabla ya kuanza kujaza upya. Ikiwa 0, iweke 1 na upige REGEN.

Na kama SOLID ya kijivu umeipa uwazi ili mistari ya chini ionekane, weka tiki kwenye kisanduku cha kuprinti uwazi kwenye dirisha la PLOT. Kisipokuwa na tiki, kwenye skrini utaona kijivu laini na kwenye PDF itatoka rangi nzito. Kikiwa na tiki, PDF inachelewa kutoka na faili lake linakuwa kubwa, kwa sababu ukurasa unaweza kugeuzwa picha. Kwa kuta za plani rangi 254 bila uwazi inatosha, na inatoka sawa kwenye kila plota.